Pima Kabla Hakijashuka: Namna ya Kupokea na Kufuatilia Vifaa vya Ujenzi Saiti

Watu wanaojenga Dodoma huku wakiishi Dar es Salaam au Mwanza huniuliza sana swali moja: niweke mlinzi wa namna gani ili vifaa visiibiwe? Mlinzi ni muhimu. Lakini kwa miaka niliyokaa stoo, kuanzia nyumba za watu binafsi Nzuguni na Iyumbu hadi madarasa ya shule Bahi na Chamwino, hasara kubwa nimeiona ikipita getini mchana kweupe, ikiwa na karatasi na sahihi. Mfuko wa saruji ulioibiwa usiku unajulikana asubuhi. Mchanga uliopungua kwenye tipa haujulikani kabisa, maana kuna karatasi inayosema umefika wote, na aliyesaini ni mtu wako mwenyewe.

Kwa hiyo mimi nina sharti moja, na karibu yote nitakayoeleza hapa yanatoka humo. Mzigo upimwe ukiwa bado juu ya gari, na kilichopimwa kiandikwe papo hapo. Ukishashuka, kazi iliyobaki ni kubishana.

Kazi inaanzia kwenye oda

Oda ya mdomo ndiyo mama wa ugomvi getini. Mwenye nyumba anampigia muuzaji: "Nipelekee tripu mbili za mchanga." Tripu ya gari gani? Kenta ni tripu, Fuso ni tripu, na lile tipa kubwa la magurudumu kumi nalo ni tripu. Muuzaji akileta dogo hajavunja ahadi yoyote, wewe ndiye hukusema.

Hata kama mnafahamiana miaka mingi, tuma ujumbe wa maandishi wenye mambo haya: kifaa gani hasa, kiasi gani na kwa kipimo gani, siku na saa ya kufika, kitashushwa wapi, nani atapokea, na nani analipa watu wa kushusha. Ujumbe wangu wa kawaida huwa hivi: "Habari kaka. Naomba mchanga wa korongo wa kujengea, mita za ujazo 6, upimwe saiti juu ya gari. Ufike Alhamisi kati ya saa 3 asubuhi na saa 9 alasiri. Utashushwa ndani ya uzio upande wa kushoto. Atapokea mama wa stoo. Gharama ya kushusha ni yako. Malipo baada ya kupima." Akijibu "sawa", umeshapata mkataba mdogo wa kumwonyesha dereva.

Hiyo sehemu ya nani analipa kushusha usiiruke. Gari la saruji linafika, vijana wanne wameshapanda juu, ndipo inajulikana kwamba hakuna aliyewapangia bei. Katika purukushani hiyo hesabu ndiyo kitu cha kwanza kusahaulika.

Na saa ya kufika. Mimi sipokei mzigo baada ya saa 12 jioni, na mwenye saiti nimemwambia hivyo mapema ili muuzaji asimpigie yeye akaniruka. Gizani huoni mfuko uliochanika, huoni kona ya bodi ya tipa iliyo tupu, na kila mtu ana haraka ya kwenda nyumbani. Gari likichelewa likalala nje ya geti, hakuna kilichoharibika.

Kuna pia hesabu ya majira. Mvua zetu za Dodoma ni za msimu mmoja, kwa kawaida kuanzia Desemba hadi Aprili. Korongo likijaa maji mchanga hauchimbiki, bei inapanda, na maeneo yenye udongo mweusi wa mbuga gari lenye mzigo halipiti kabisa. Mchanga, kokoto na mawe ya msingi viagizwe Oktoba na Novemba kama una mahali pa kuviweka. Saruji ni kinyume chake: usiilimbikize. Ikikaa stoo miezi mitatu inaweza kupoteza karibu moja ya tano ya nguvu yake, na kwenye unyevu hasara ni kubwa zaidi. Agiza ya wiki mbili hivi, ikiisha agiza tena.

Mchanga na kokoto

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo fedha nyingi zinapotelea.

Tipa likiingia, mwambie dereva asiinue bodi. Sogea na futikamba yako. Pima urefu wa bodi kwa ndani, upana kwa ndani, na kina cha mchanga. Kwa ndani, nasisitiza, maana kuta za bodi zina unene wake. Tuseme urefu ni mita 3.8, upana mita 2.0, na bodi ina kina cha mita 0.75. Zidisha: 3.8 mara 2.0 mara 0.75 ni mita za ujazo 5.7. Hiyo ndiyo nafasi ya gari likiwa limejaa sawasawa hadi ukingoni.

Sasa panda juu, au mpandishe kijana unayemwamini. Ukiwa chini unaona kilima katikati na moyo unatulia. Ukiwa juu unaona kona zote nne ziko chini. Chukua kipande cha nondo, kizamishe mpaka kiguse sakafu ya bodi, weka alama ya kidole pale mchanga unapoishia, kisha pima. Fanya hivyo katikati na karibu na kona zote nne, halafu tafuta wastani. Kama wastani ni sentimita 63 badala ya 75, zimepungua sentimita 12. Zinaonekana chache, lakini 3.8 mara 2.0 mara 0.12 ni mita za ujazo 0.91, sawa na asilimia 16 ya mzigo. Kwenye tripu sita umeshapoteza karibu tripu nzima. Na ile nondo ikigonga kitu kigumu mapema mahali fulani, uliza kuna nini chini. Inaweza kuwa mchanga ulioganda, inaweza kuwa mawe, inaweza kuwa mbao zilizoinua sakafu.

Dereva atasema mzigo umejishindilia njiani. Ni kweli, barabara ya vumbi inashindilia mzigo. Ndiyo maana kwenye oda tuliandika "upimwe saiti". Unalipia kilichofika.

Jambo la pili ni unyevu, na wengi hawalijui. Mchanga wenye unyevu kidogo huvimba: chembe zinasukumana na ule ujazo unaongezeka, pengine kwa robo nzima. Kwa hiyo mchanga uliotoka korongoni siku mbili baada ya mvua unaweza kujaza gari vizuri na bado ukawa pungufu. Kuupima ni rahisi. Chukua ndoo, tia mchanga kama ulivyokuja bila kuushindilia, usawazishe, pima kina chake kwa rula. Tuseme sentimita 20. Umwage pembeni kwenye turubai, weka maji nusu ndoo, urudishe mchanga ule ule, koroga, uache utulie. Pima tena. Ukikuta sentimita 16, ujue ujazo wa kweli ni 16, na ule mwingine ulikuwa uvimbe wa unyevu wa asilimia 25. Mchanga uliolowa kabisa unarudi karibu na ujazo wa mkavu, ndiyo maana kipimo hiki kinafanya kazi. Kipimo hicho nakifanya mbele ya dereva. Sijawahi kuona njia bora ya kupatana na muuzaji bila kelele: ndoo anaiona kwa macho yake.

Tatu, udongo ndani ya mchanga. Kata chupa ya plastiki ya maji ya lita moja na nusu sehemu ya juu, weka mchanga sentimita 10, jaza maji yenye kijiko cha chumvi, koroga sana, iache saa tatu. Mchanga utakaa chini, tope litakaa juu yake kwa mstari unaoonekana. Tope likizidi milimita 8 kwa hizo sentimita 10, huo mchanga usiutumie kwenye zege. Saa tatu ni nyingi kwa gari lililosimama, najua. Ndiyo maana kipimo hiki nakifanya kabla ya oda, kwa kuomba sampuli ya ndoo moja kutoka korongo lenyewe, halafu gari likija nalinganisha kwa kushika. Sugua mchanga kati ya viganja: ukiacha rangi ya udongo mikononi, umeletewa kutoka sehemu nyingine.

Kokoto hupimwa vivyo hivyo kwenye gari. Angalia pia kama ukubwa ni ule ulioagiza na kama vumbi la mashine halijazidi. Vumbi hukaa chini ya bodi, kwa hiyo linaonekana bodi ikianza kuinuka. Simama hapo hadi mwisho. Likizidi, mwambie dereva asimamishe.

Kabla ya gari lolote kufika, pawe na mahali palipoandaliwa. Mchanga ukimwagwa juu ya udongo mtupu, zile sentimita za chini zinachanganyika na ardhi na mafundi huziacha pale pale. Tandika nailoni nzito au utumie sehemu yenye zege kuukuu. Kiangazi, hasa Julai hadi Septemba, upepo wa Dodoma unaondoka na mchanga wako taratibu hadi kwa jirani. Funika kwa turubai na uweke mawe pembeni. Mbuzi nao wanapenda kulala juu ya mchanga, na samadi kwenye plasta haifai.

Saruji

Saruji tunayotumia hapa nyingi inatoka mbali, Dar es Salaam, Tanga, Mtwara. Dar peke yake ni zaidi ya kilomita 400 kwa barabara. Mifuko imepakiwa, imeshushwa kwa wakala, imepakiwa tena. Kila hatua inaacha alama yake.

Kabla ya kufungua mlango wa gari soma mfuko. Unaona daraja, 32.5 au 42.5? Ya 32.5 inatosha kwa kujengea na plasta, ila kama injinia ameandika 42.5 kwa nguzo na slabu, usipokee nyingine kwa kuwa "ni saruji tu". Bei zinatofautiana na nguvu zinatofautiana. Kisha tafuta tarehe ya kutengenezwa.

Hesabu mara mbili. Mara ya kwanza kwa safu, ikiwa bado garini. Mara ya pili inaposhuka, na hapa wawepo watu wawili wenye kuandika, mmoja mlangoni mwa gari na mwingine mlangoni mwa stoo, kila mmoja na daftari lake, kila mfuko mstari, kila mitano inafungwa kwa mstari wa kupita. Wasisemezane mpaka mwisho. Hesabu zikitofautiana, mzigo unahesabiwa tena stoo, na kwa sababu hiyo mifuko ipangwe kwa mpango mmoja siku zote. Mimi napanga kimo cha mifuko 10, mbele 5, ndani 4. Hiyo ni 200. Mfuko mmoja ukikosekana, pengo linaonekana kutoka mlangoni. Usizidishe kumi kwenda juu, maana ya chini inashindiliwa na kuganda. Iwe juu ya mbao, isiguse sakafu, na iachane na ukuta kama sentimita 30.

Bonyeza kona za mifuko michache ya katikati ya gari. Kona ikiwa ngumu kama jiwe, fungua huo mfuko. Mabonge yanayovunjika kwa vidole ni ya kushindiliwa tu. Mabonge yasiyovunjika ni saruji iliyokwisha kunywa maji, irudi. Kama una mizani yenye stika ya Wakala wa Vipimo, pima mifuko michache bila kuichagua. Kila mmoja uwe kilo 50.

Mzigo mpya usiwekwe mbele ya wa zamani. Andika tarehe ya kuingia kwa chaki kwenye kila rundo, na wa zamani utoke kwanza. Saidia fundi akija mbio asubuhi huchukua uliopo mlangoni, kwa hiyo ulio mlangoni uwe ndio wa zamani.

Nondo kwa mizani

Siku moja kwenye saiti ya madarasa kililetwa kifungu cha nondo kilichoandikwa milimita 12. Fundi alishika, akasema ni 12. Dereva alisema ni 12. Kwenye kamati alikuwepo mzee mmoja wa Kigogo ambaye zamani alikuwa na duka la chuma chakavu. Hakusema neno, aliomba tu kipande cha mita moja kikatwe. Tukakiweka kwenye mizani ya duka jirani. Kilikuwa gramu 750 hivi.

Nondo ya milimita 12 ya kweli ina gramu 888 kwa mita. Hesabu yake ni hii, na iandike nyuma ya daftari lako: kipenyo zidisha kwa kipenyo, gawanya kwa 162, unapata kilo kwa mita moja. Kwa 12 ni 144 gawanya kwa 162, yaani kama 0.888. Kwa 10 ni 0.617. Kwa 8 ni 0.395. Kwa 16 ni 1.58. Sasa ile ya gramu 750 ni ya kipenyo gani? Ni kama milimita 11. Milimita moja haionekani kwa jicho, lakini chuma kilichomo kimepungua asilimia 16, na nguzo ya darasa ilishapigiwa hesabu kwa chuma kamili. Watoto watakaa chini ya slabu ile. Kifungu kilirudi kilikotoka siku ile ile, na muuzaji alileta kingine.

Usipime kwa venia, kile kipimo cha kubana cha kupimia kipenyo, peke yake, kwa sababu nondo zina mbavu na venia ikikaa juu ya mbavu inakupa kipenyo cha uongo. Mizani haina shida hiyo. Tofauti ya asilimia chache huruhusiwa viwandani. Kwa nondo ya 12, kipande cha mita kikishuka chini ya kilo 0.83 mimi nakataa.

Urefu nao upimwe. Nondo kamili ni mita 12, na kwa kuwa huja zimekunjwa katikati ili ziingie kwenye gari, mita moja iliyokatwa haionekani. Kunjua moja, ipime. Nzima ya milimita 12 yenye mita 12 inakuwa na uzito wa kilo 10.66, kwa hiyo ukiweza kupima kifungu kizima kwenye mizani ya gari, gawanya kwa 10.66 na utajua ni ngapi bila kuzihesabu. Kisha zihesabu hata hivyo.

Tofali, mbao, maji na vingine

Tofali za saruji zihesabiwe garini kwa safu na zihesabiwe tena zikipangwa chini kwa marundo ya idadi moja. Yule mzee wa kamati alikuwa na kofia yenye vijiwe: kila tofali 50, kijiwe kimoja. Uliza zilifyatuliwa lini na zilimwagiliwa maji siku ngapi. Ambayo haikumwagiliwa ukiikwangua kona kwa msumari inamwagika kama unga. Kukubaliana kuhusu zilizovunjika kufanyike kwenye oda.

Mbao nyingi zinatoka Mafinga na Njombe. Pima unene halisi, kwa sababu mbili kwa nne ya sokoni mara nyingi haifiki mbili kwa nne. Kama umelipia zilizotiwa dawa, kata ncha ya moja uone dawa imeingia ndani au imepakwa juu. Mabati, pima geji, yaani unene wake, kwa mikromita. Vigae na rangi, soma namba ya toleo kwenye kila boksi na kila kopo, zote zifanane, la sivyo ukuta mmoja utakuwa na rangi mbili. Vifaa vya umeme na mabomba vifunguliwe na kuhesabiwa kimoja kimoja, kisha viingie kwenye chumba chenye kufuli lake.

Maji watu hawayahesabu kama kifaa, lakini kwenye viwanja ambavyo bomba la DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma, halijafika, maji yanakuja kwa boza na yanagharimu fedha nyingi. Chora alama za lita kwenye simtanki lako kwa rangi, soma kabla na baada ya boza kumimina. Halafu yaonje. Visima vingi vya huku vina maji ya chumvi, na chumvi ndani ya zege inakula nondo. Muulize mwenye boza anachota wapi, andika jibu lake kwenye delivari, ile karatasi ya kupokelea mzigo, na ukionja chumvi hayo maji yasiende kwenye zege lenye nondo.

Karatasi za stoo

Delivari ije nakala tatu. Kabla ya sahihi yako, andika kwa kalamu juu ya nakala zote ulichopima: "Nimepokea mita za ujazo 4.8 badala ya 5.7", "Mifuko 198, miwili imechanika". Namba ya gari, saa, jina la dereva, sahihi yake chini ya maandishi yako. Dereva akikataa kusaini, mpigie muuzaji hapo hapo, weka simu kwenye spika, wote wasikie. Mara nyingi mambo yanaisha kwenye simu hiyo, na dereva anabaki salama kwa bosi wake. Mfanyie heshima. Yeye katumwa, na kesho atarudi tena. Ukimgombeza mbele ya vijana, mzigo ujao atakutafutia visa. Namwita kaka, nampa maji ya kunywa, na namba siibadilishi.

Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ni jambo lingine. Inaonyesha ulichonunua, delivari inaonyesha kilichofika. Zibane pamoja, na kama hazilingani, malipo yasubiri.

Kwa mwenye saiti aliye mbali, picha nne kwa kila gari: namba ya gari, mzigo ukiwa juu ya gari, futikamba ikiwa imeshikiliwa mahali pake na namba zikisomeka, na delivari iliyosainiwa. Zitumwe kwenye kundi la WhatsApp ambalo yumo mwenye saiti, fundi mkuu na mtu wa stoo. Baada ya hapo ndipo fedha iende kwa simu au benki. Anayelipa mzigo mzima kabla haujafika anakuwa amejinyang'anya nguvu zote za kuongea.

Leja iwe daftari gumu lenye kurasa zilizopigwa namba, kila kifaa ukurasa wake: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, kimekwenda kazi gani, aliyechukua amesaini, baki. Usikubali kauli ya "andika tu jioni". Jioni fundi anakumbuka mifuko kumi na saidia wake anakumbuka kumi na miwili. Na usiandike "kazi ya leo". Andika "msingi wa chumba cha nyuma". Utaona faida yake muda si mrefu.

Kwenye miradi ya shule na zahanati inayojengwa kwa fosi akaunti, yaani bila kumpa mkandarasi kazi nzima, kuna kamati tatu: ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Kamati ya mapokezi ipo kwa ajili ya kazi hii hasa, na inaniuma kuona wajumbe wanaletewa karatasi nyumbani wasaini mzigo ambao hawakuuona. Mjumbe ana haki ya kusema, "Nisubirini nifike." Wapeane zamu, wawili kila siku ya mzigo, na wawe na futikamba yao.

Kulinganisha na kilichojengwa

Kupokea vizuri ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kujua kama kilichotoka stoo kimeingia ukutani. Kila Jumamosi mchana, kabla mafundi hawajalipwa, fanya mambo mawili.

La kwanza ni kuhesabu stoo. Baki ya Jumamosi iliyopita, ongeza kilichoingia, toa kilichotoka. Jibu lilingane na kilicho mbele ya macho yako. Kwa saruji tunaongeza ushahidi mmoja: mifuko mitupu. Kila jioni ikusanywe, ihesabiwe, ifungwe. Kama fundi alichukua 20 na mitupu ni 17, ile mitatu iko wapi? Huenda ipo kwenye kona ya jengo haijafunguliwa. Huenda imevuka uzio. Unauliza siku hiyo hiyo, kwa upole, wakati kila mtu bado anakumbuka.

La pili ni kupima kazi yenyewe. Zege la moja kwa mbili kwa nne, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, linakula karibu mifuko 6.3 ya saruji kwa mita moja ya ujazo, mchanga kama mita 0.44 na kokoto kama 0.88. Jamvi, yaani zege la sakafu, la mita 10 kwa 8 lenye unene wa sentimita 10 ni mita za ujazo 8. Linataka mifuko 50 hivi, mchanga 3.5, kokoto 7. Leja ikionyesha mifuko 53, sawa, kuna umwagikaji na kuna sehemu sakafu ilizama. Ikionyesha 65, mwite fundi mkuu mkae. Inawezekana unene ulizidi, nenda upime kwenye ukingo. Inawezekana mchanganyo ulibadilishwa. Ikionyesha 38, usifurahi: jamvi ni jembamba au zege ni dhaifu, na hilo ni baya kuliko wizi.

Kwa ukuta, tofali lenye uso wa inchi 9 kwa 18 likijengwa na udongo wake wa saruji na mchanga linakwenda karibu 9 kwa mita moja ya mraba. Ukuta wa mita 3.5 kwa 2.8 ni mita za mraba 9.8, tofali 88, kabla ya kutoa milango na madirisha. Hapo ndipo yale maandishi ya "msingi wa chumba cha nyuma" yanapokusaidia, kwa sababu unaweza kulinganisha chumba kwa chumba na kuona ni wapi hesabu ilianza kuachana.

Hesabu hizi fundi azijue na yeye. Mimi humpa nakala ya karatasi ya Jumamosi na tunaipitia pamoja tukiwa tumekaa. Mafundi wengi niliofanya nao kazi waliipenda, kwa kuwa inawalinda: saruji ikipungua hakuna wa kuwanyooshea kidole bila ushahidi. Anayeikataa karatasi hiyo tangu wiki ya kwanza, mwenye saiti aambiwe mapema.

Mtu wa stoo akibadilishwa, au akienda likizo, au fundi mkuu akiondoka katikati ya kazi, stoo yote ihesabiwe siku hiyo wakiwepo wote wawili, anayeondoka na anayeingia. Wapige mstari chini ya kila ukurasa wa leja, waandike baki, wasaini wote, mwenye saiti atumiwe picha za kurasa. Ufunguo ukabidhiwe baada ya sahihi, na kufuli libadilishwe wiki hiyo.